Mbuzi wa Fundi wa Saa

Nilimpenda mwenzangu. Naandika hili hapa juu kabisa ili msomaji asihangaike kukisia, maana mimi mwenyewe vitabu vya kukisiakisia hunichosha. Tulikuwa walimu wawili wa shule moja ya msingi upande wa Othaya, miaka michache baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, na tulikaa nyumba moja ya walimu yenye vyumba viwili. Chumba kimoja kilikuwa cha kuonyesha wageni tu. Mbele za watu tulikuwa mabinti wawili wenye adabu wanaogawana sufuria na mafuta ya taa.

Siku hizi wajukuu wa ndugu zangu hunikuta nimeinamia riwaya ya mapenzi ya zamani, ya wanawake wawili waliovaa magauni ya kuburura chini, nao hucheka. Huniuliza mbona nisisome mambo ya leo. Ya leo nayaona, nashukuru, lakini kiu yangu ni ya zamani. Nataka kumwona mwanamke anayempenda mwanamke akiwa na mshumaa mkononi, akihangaika na mvua na farasi, miaka mingi kabla hajazaliwa mtu wa kuniambia kwamba jambo hili limeletwa juzi kwa ndege. Na nataka mwisho mwema. Nikinunua kitabu, naanza kwa kuchungulia ukurasa wa mwisho, na kama kuna jeneza nakirudisha kwa mwenye duka bila aibu. Ukaidi huu una chanzo chake.

Wazungu wa mashamba ya Nyeri walikuwa wakiondoka mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeondoka alipanga vyombo vyake barazani viuzwe. Mwenzangu alikwenda kutafuta taa. Akarudi na taa pamoja na kikapu cha vitabu alivyoongezewa, vingi vikiwa vya kufundisha watu jinsi ya kulea mbwa. Kimoja hakikuwa na jalada. Kilisimulia habari za mjane wa nchi ya mbali, zama za magari ya kukokotwa na farasi, mwenye jumba kubwa na shamba la matofaa. Saa zote za jumba lile zilikuwa zimesimama tangu mumewe afariki. Ndipo akaletwa fundi wa saa, na fundi mwenyewe alikuwa mwanamke, aliyerithi kazi na vyombo kutoka kwa baba yake. Alitengeneza chumba baada ya chumba. Walipofika chumba cha kulia chakula, yeye na yule mjane walikuwa wameacha kuzungumza habari za saa.

Tulisomeana kitabu kile kwa zamu, mlango umefungwa kwa komeo. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na mpaka siku ile nilidhani mimi na yeye ndio wa kwanza duniani. Kumbe kuna mtu, zamani, mbali, aliyejua jinsi vidole vinavyokawia kuachia kikombe kinapopokezanwa. Nililia, kisha nikamkasirikia mwenzangu kwa kuniona nikilia.

Nyanya yangu, cucu kama tunavyosema kwetu, alikaa ng'ambo ya kijito tu kutoka shuleni. Alikuwa mjane. Mama yangu alikuwa ameolewa mbali, na mwana wa pekee wa kiume wa cucu alikwenda msituni wakati wa vita vya ukombozi na hakurudi. Alikaa peke yake kwenye shamba zuri la kahawa ambalo shemeji zake walilitazama kila walipopita. Jumamosi alasiri wanawake walikusanyika kwake kufuma vyondo, vikapu vyetu laini vya kubebea mgongoni. Waliketi wamenyoosha miguu, wanasokota nyuzi za katani kwenye mapaja, na sisi wawili tulikwenda kuwasaidia. Siku moja cucu akasikia tukinong'onezana habari za mjane na akataka kujua ni mjane gani huyo. Aliongea Kikuyu, kama wote pale, lakini nitawaandika kwa Kiswahili chetu cha sokoni Nyeri, ndicho kinachofanana nao.

"Leteni hiyo kitabu," akasema. "Mnacheka peke yenu kama watu wako na nyama wamefunika."

Hakukuwa na namna ya kumkatalia. Mwenzangu ndiye aliyesoma, kwa sababu alijua kugeuza Kiingereza kuwa Kikuyu papo hapo, bila kusita, kama mtu anayemenya ndizi. Lakini tulikubaliana kwanza kwamba fundi atakuwa mwanamume. Mimi ndiye niliyeshikilia hivyo. Mimi ni mwoga, na uoga wangu ulikuwa na sababu: katika duara lile aliketi jirani wa cucu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisani. Mumewe alikuwa kwenye kamati ya shule, na shule ilikuwa ya kanisa. Mdomo wake ungeweza kutufukuza kazi kabla chai haijapoa.

Basi fundi akavalishwa suruali. Jumamosi baada ya Jumamosi nilimsikiliza mwenzangu akisoma maneno ya mwanamke na kuyatia kwenye kinywa cha mwanamume, na kila alipofika mahali pazuri alinitazama mara moja, haraka, kisha akarudi kwenye karatasi. Wanawake walimpenda fundi huyo. Mwenyekiti alisema angalau huyo ni mwanaume wa kushika kazi, si kama wengine wanashinda soko ya Skuta wakicheza karata.

Ndipo ujumbe ukaja kutoka kwa baba yake mwenzangu, aliyekaa upande wa Tetu. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Murang'a, mwenye lori, aliyemwona mwenzangu harusini mahali fulani. Watu wake walikuwa wameomba ruhusa ya kuja na pombe ya kuulizia, na baba alikuwa amewakubalia waje mwisho wa mwezi.

"Si utakataa?" nikamwuliza. Kwa mila yetu hata baba mkali hanywi pombe hiyo kabla ya kumwuliza binti. Binti huletwa mbele ya wazee, anapewa pembe yenye pombe, anaulizwa: tuinywe? Akionja na kumpa baba yake, amekubali. Akiiweka chini, wageni wanarudi na kibuyu chao.

"Naweza kukataa," akasema. "Halafu baba ataniuliza, kama si huyu, ni nani? Nitamwonyesha nani?"

Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, nikaona wazi jinsi itakavyokuwa. Atakataa huyu, ataletewa mwingine, na mwingine, mpaka achoke au baba yake achoke, na mimi nitabaki na vyumba viwili na taa ya Mzungu. Nilimwogopa mtu wa Murang'a ambaye sijamwona hata kisigino. Nilimchukia pia, maskini, pamoja na lori lake.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya Julai, ukungu umelala mpaka mlangoni, na wanawake walikuwa wamebanana ndani karibu na moto. Mwenzangu alifungua kitabu mahali ambapo fundi anamaliza saa ya chumba cha juu na mjane anaingia bila kubisha. Alisoma mistari michache. Nilimwona akiweka kidole kwenye karatasi na kukiacha hapo.

"Nimewadanganya," akawaambia. "Huyu fundi ni mwanamke. Tangu siku ya kwanza ni mwanamke."

Hakuna uzi uliosokotwa. Ukuni ukapasuka motoni, nikaruka. Nilikuwa nikihesabu kichwani ni nani ataondoka kwanza, ataingia kwa nani, na Jumatatu mwalimu mkuu atatuita saa ngapi. Mwenzangu hakunitazama. Shingo yake ilikuwa imenyooka, na nilijua amekasirika, si nao, bali na kila kitu.

Cucu alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Mwanamke?" akasema. "Na si ungesema mapema! Mimi nimekuwa nikijiuliza huyu mjane anangoja nini. Ati anataka kuoa!"

"Ndio hiyo!" akadakia mwingine. "Ako na shamba, hana kijana, bwana amekufa. Anatafuta bibi wa boma."

Maneno yaliwatoka kama maji ya mfereji. Mila ile wote waliijua: mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mbuzi na kumwoa mwanamke, ili huyo azae watoto kwa mwanamume wa nje, boma lisife na jina la mume lisipotee. Kwao hadithi nzima sasa ilinyooka. Kilichowakera ni uzembe wa yule mjane wa Kizungu. Ameweka msichana wa watu nyumbani miezi yote hiyo, anamlisha, anamshika mkono, na hajapeleka hata mbuzi mmoja kwao.

"Baba ya fundi amekufa, lakini si ako na ndugu?" cucu akamwuliza mwenzangu kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye shangazi wa fundi. "Hiyo mbuzi itapelekwa lini?"

Mwenzangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayakukoma kicheko kilipokoma. Wanawake walidhani ni raha. Nilitamani kumshika, nikashika chondo.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. "Kanisa ilikataza hiyo mambo," akasema. Kisha, polepole: "Na kuna kitu moja sijasikia. Huyo mama anaoa bibi ili apate watoto wa boma. Lakini tangu tuanze kusoma sijasikia hao wawili wakitaja mtoto. Hata siku moja." Akamtazama mwenzangu, akanitazama mimi, akarudi kwa mwenzangu. Alikunja kazi yake, akaitia kwenye chondo na kwenda zake bila kumaliza uji.

Wengine walimfuata mmoja mmoja, kwa sababu giza la ukungu lilikuwa linawadanganya kwamba jioni imefika. Mwenzangu alikwenda kijitoni kuchota maji. Nikabaki na cucu. Alinisogezea nyuzi nizisokote, na bila kuinua macho akaniuliza kama huyo msichana anataka kwenda Murang'a.

"Hataki."

"Na wewe?"

Nilikuwa na majibu mengi ya uongo, yamepangwa vizuri. "Sitaki aende, cucu," nikasema. "Akienda sijui nitafanya nini."

Alifuma mzunguko mzima kabla ya kujibu. Kisha akanisimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia. Alipokuwa msichana kulikuwa na mwanamke wa kilima cha pili, tajiri wa ng'ombe, aliyeoa mwanamke kwa mbuzi na pombe kama inavyotakiwa. Yule mke alipofariki, mwanamke huyo alinyoa nywele, akatoa kigoda chake nje na kukaa akiutazama mlango wa nyumba ya marehemu mpaka watu wakaanza kumwogopa.

"Walipendana?" nikauliza.

"Hiyo sikuuliza, nilikuwa mtoto." Akavuta uzi kwa meno. "Lakini alikuwa anamkatia mua yeye mwenyewe. Anapita zote akitafuta ile laini. Mimi niliolewa miaka yote hiyo, na mwanaume hajanitafutia mua laini."

Kabla ya mwisho wa mwezi nilimwona akichagua kwenye zizi. Alitoa kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga, ambao hawajawahi kuzaa, jozi ile ambayo kwetu ndiyo hubisha hodi kwa wazazi wa binti. Mzee mmoja wa rika la marehemu babu alikuja na kibuyu cha muratina, pombe yetu ya asali, amejifunga shuka lake la heshima. Cucu akanipa kamba ya wanyama.

"Vuta," akaniambia. "Na usilie njiani. Watu watadhani tunaenda matanga."

Tulifika Tetu siku mbili kabla ya watu wa Murang'a. Mwenzangu alikuwa ameitwa nyumbani kujiandaa, na hakujua tunakuja. Baba yake, mtu mrefu wa kuongea kwa upole unaotisha, alitukaribisha vizuri, akawaita ndugu zake. Mzee wetu akasema kama inavyosemwa: tumeona kitu kizuri katika boma hili. Baba akatabasamu na kuangalia nyuma yetu.

"Kijana ako wapi?"

"Hakuna kijana," cucu akasema. "Ni mimi."

Mmoja wa ndugu akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. Cucu alisimama. Alisema kwamba mwanawe alikufa msituni na hata kaburi halijulikani. Alisema kuna nyumba kwake isiyo na moto na shamba lisilo na wa kuliita lake, na anataka mke wa boma lake kwa njia ya wazee, mchana, watu wakiona. Ndugu mkubwa wa baba, kipofu wa jicho moja, akanung'unika kwamba nyanya yake yeye mwenyewe alioa hivyohivyo na asiyetaka kuheshimu jambo hilo atoke nje. Hakuna aliyetoka.

Baba alikuwa na njia nyepesi ya kututoa. Angeweza kusema ameahidi wengine. Lakini hiyo ingekuwa kumwaibisha mama wa mtu aliyekufa msituni, mbele ya wazee. Nadhani alipiga hesabu yake: msichana gani, mwalimu, atamwacha mwanaume mwenye lori achague bibi kizee? Aliona afadhali binti mwenyewe atukatae.

"Aitwe," akasema. "Aulizwe."

Mwenzangu aliingia akiwa amejifunga kanga ya jikoni, unga mkononi. Akaona mbuzi. Akaona cucu. Mimi aliniona mwisho, na nikajua ameelewa yote, kwa sababu rangi ilimtoka. Mzee wetu alimimina pombe kwenye pembe na kumpa.

"Hii imeletwa na mama huyu," baba yake akasema. "Ati anataka uwe bibi wa boma yake. Tuinywe?"

Alishika pembe kwa mikono miwili. Nikakumbuka yote atakayoyaacha akionja: harusi ya gauni, kanisa, mama yake aliyesimama mlangoni na kushika mwimo. Nilitaka kumwambia aiweke chini. Nilitaka kumwambia anywe yote. Nilishikilia kamba ya mbuzi mpaka ikanichuna. Pombe ilicheza kwenye pembe, kidogo ikamwagika kwenye unga wa mikono yake, na yule mzee wa jicho moja akageuza jicho lake zima kuutazama mkono ule.

Hakunitazama mimi. Alimtazama cucu, kwa muda mrefu, na cucu alimtazama yeye. Kisha akaonja, akapiga hatua na kumpa baba yake pembe.

Baba alikuwa ameuliza mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya ndugu zake. Alikunywa kama mtu anayekunywa kwinini. Mama yake mwenzangu akarudi jikoni na hakutoka tena mpaka tulipoondoka.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Cucu alitengwa na meza ya Bwana, yeye aliyekuwa akifua vitambaa vya meza hiyo, na mpaka alipokufa alikaa benchi la nyuma na kuimba kwa sauti kuliko wote. Mwenzangu alihamishwa shule, akawa anarudi kwetu Ijumaa. Kamati ilitaka kusema kitu juu yetu na haikupata cha kusema: yeye alikuwa mke wa boma kwa mila, mimi nilikuwa mjukuu wa boma hilohilo. Mbele za watu ilinibidi kumwita mwenzangu cucu, kwa kuwa sasa alikuwa mke wa nyanya yangu. Alilifurahia hilo kupita kiasi. Alikuwa akinituma maji mbele ya wageni, kwa sauti ya kizee, nami nilikwenda. Mtoto wa boma hakuja, mwaka huo wala mwaka mwingine, na cucu, aliyetoa mbuzi kwa ajili ya mtoto, hakuuliza hata mara moja.

Kwa wanawake, kitabu kilikuwa bado hakijaisha. Mvua za mwisho wa mwaka zilipopungua wanawake walidai mwisho wa hadithi yao. Hata mwenyekiti alikuja, akakaa karibu na mlango bila kusalimu mtu, akatoa katani yake. Sisi wawili tulikuwa tumeshaujua. Katika ukurasa wa mwisho saa zote zinatembea, fundi anapanda gari la farasi, na mjane anabaki dirishani. Kisha homa inampata fundi njiani, na anazikwa hukohuko. Siku niliyousoma ukurasa huo nilitaka kuutia motoni.

Mwenzangu alisoma. Fundi akatengeneza saa ya mwisho. Fundi akafunga mfuko wake, akafika mlangoni, gari likawa linangoja. Hapo mwenzangu akavuta pumzi, macho yakiwa palepale kwenye karatasi. Fundi akamwambia mwenye gari aende. Fundi akarudi ndani, akatundika vyombo vyake ukutani, kimoja kimoja, na mjane akamwuliza kama ana njaa. Walizeeka katika jumba lile, alisoma mwenzangu, na saa zikiharibika zilikuwa na wa kuzitengeneza.

Wanawake walipumua. Mwenyekiti akasema kutoka mlangoni, huku akiangalia kazi yake, "Na mbuzi?"

"Zilipelekwa," akasema mwenzangu.

Cucu hakujua kusoma hata jina lake. Lakini alikuwa ameketi karibu na kitabu, na macho yake hayakuwa na kasoro.

"Umesoma mengi," akasema, "na hujageuza karatasi."

Mkono wa mwenzangu ulikuwa bado juu ya ukurasa, na chini yake kulikuwa na ule mmoja wa mwisho, wenye homa.

"Basi usigeuze," cucu akamwambia, na kuniomba nimsogezee nyuzi.